Sura ya Saba: Bustani Inapolazwa

Kwa wakulima wa Afrika Mashariki neno vuli ni jina la mvua fupi zinazonyesha takriban kuanzia Oktoba hadi Desemba, msimu ambao mtu hutoka na jembe na mbegu, na ndilo neno hilohilo ambalo watunzi wa kamusi na vitabu vya jiografia wamelitumia kutaja majira ya nchi za kaskazini yanayofuata kiangazi na kutangulia baridi kali, yaani majira ya kupukutika kwa majani. Miezi ya vuli hizi mbili inakaribiana, lakini kazi zake zinapishana, kwani wakati mkulima wa Morogoro au Machakos anaifungua ardhi, mwenye bustani wa Minnesota, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada, anaifunga. Sura hii inaichukua Minnesota kuwa mfano kwa sababu baridi yake haina mzaha, kiasi kwamba katika mji mdogo wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri, na hata katika jiji la Minneapolis usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri hupatikana karibu kila mwaka. Tena ni jimbo ambamo wamehamia watu wengi kutoka Afrika Mashariki, wakiwemo Wakenya katika vitongoji vya Minneapolis, ambao wengi wao walijua kulima kabla ya kuijua theluji, na kwao kazi za vuli ndilo somo la bustani lisilo na mfano wowote walikotoka.

Somo hilo halianzi kwenye reki wala kwenye matandazo, bali kwenye urefu wa usiku. Karibu na ikweta mchana na usiku hugawana saa 24 karibu sawasawa mwaka mzima, ilhali Minneapolis, iliyo karibu na latitudo ya 45, katikati ya njia kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini, hupata mchana wa zaidi ya saa 15 na nusu mwezi Juni na usiofika hata saa 9 mwezi Desemba. Mti uliozaliwa katika mazingira hayo hupima urefu wa usiku, na una sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwa kuwa joto hudanganya, likiweza kurudi wiki moja katikati ya Oktoba kana kwamba kiangazi hakijaisha, lakini usiku unaorefuka haudanganyi hata mwaka mmoja. Usiku unapofikia kipimo fulani mti huacha kurefusha matawi, hufunga machipukizi yake ndani ya magamba, na huanza kuvuta nitrojini na virutubisho vingine kutoka kwenye majani na kuvihifadhi katika shina na mizizi. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, huvunjwavunjwa wakati huohuo, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa nyuma yake hujitokeza, huku baadhi ya miti, hasa jamii ya mepo, ikitengeneza rangi nyekundu mpya katika siku hizo za mwisho. Kisha tabaka jembamba la seli hujengeka kwenye kikonyo cha kila jani, na jani huanguka pasipo kuacha kidonda.

Kinachofuata hakionekani kwa macho, nacho ndicho cha maana zaidi kwa mwenye bustani. Baada ya kuacha kukua, mmea huingia katika kipindi cha kujizatiti, ambapo seli zake huongeza sukari na kuruhusu sehemu ya maji yake itoke nje hadi kwenye nafasi zilizo kati ya seli, ili barafu itakapofanyika ifanyike katika nafasi hizo na isipasue seli yenyewe. Kazi hii huchukua wiki nyingi na huenda kwa hatua, hatua ya kwanza ikiletwa na usiku mrefu na ya pili ikiletwa na usiku wa kwanza wenye baridi ya kugandisha, kiasi kwamba mtofaa uleule ambao mwezi Januari unavumilia nyuzi 30 chini ya sifuri unaweza kuuawa na baridi iliyo ndogo kuliko hiyo ikiufikia mapema kabla haujamaliza maandalizi yake.

Jambo hilo lilithibitishwa kwa hasara kubwa tarehe 11 Novemba 1940. Vuli ya mwaka huo ilikuwa ya joto, na asubuhi ya siku hiyo watu wengi wa Minnesota walitoka kuwinda bata wakiwa wamevaa nguo nyepesi, kisha dhoruba ikaja, halijoto ikaporomoka kwa makumi ya nyuzi katika muda wa siku moja, na watu 49 wakafa katika jimbo hilo peke yake. Katika jimbo jirani la Iowa, ambalo wakati huo lilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa matofaa nchini, miti ya matunda ilikuwa bado haijajizatiti, ikafa au ikadhoofika kwa wingi, na wakulima wengi wakahamia mahindi na soya wasirudi tena. Baridi ya siku ile haikuwa ya kutisha kwa kipimo cha Januari. Ilitisha kwa sababu ilikuja ghafla, ikaikuta miti ikiwa macho.

Kutokana na hayo inawezekana kusema ni nini hasa kinachoua mimea ya nyumbani wakati wa baridi: mara nyingi ni baridi iliyotangulia wakati wake, au baridi inayokuja na kuondoka mara kwa mara, au kiu. Ramani maarufu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na kusahihishwa mara ya mwisho mwaka 2023 kwa takwimu za miaka ya 1991 hadi 2020, huigawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa usiku wenye baridi kali kuliko yote katika kila mwaka, na eneo la Minneapolis liko mpakani mwa kanda ya 4 na ya 5, kanda ya 4 ikiwa ile ambayo usiku huo hufikia kati ya nyuzi 29 na 34 chini ya sifuri. Ramani hiyo ni msaada mkubwa kwa mtu anayenunua mche, lakini hueleza kina cha baridi bila kueleza itakuja lini wala itakwenda na kurudi mara ngapi, na kazi karibu zote za vuli zinahusu mambo hayo mawili ambayo ramani imeyanyamazia.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni kujizuia. Mbolea yenye nitrojini nyingi ikimwagwa chini ya miti na vichaka mwishoni mwa kiangazi inaweza kuamsha machipukizi mororo ambayo hayatapata muda wa kukomaa, na kupogoa matawi mwezi Septemba huweza kuleta madhara yayohayo, kwani mti hujibu mkato kwa kuchipua. Miti mingi hupogolewa vizuri zaidi mwishoni mwa majira ya baridi ikiwa bado imelala. Mwenye bustani aliyezoea mahali ambapo mche hupandwa, hutiwa mbolea na kukatwa wakati wowote mvua iko karibu huona tabu kukaa bila kugusa kitu katika wiki ambazo hewa ni nzuri na mikono haina shughuli, lakini subira hiyo ni sehemu ya kazi.

Mboga zina ratiba yao, na mpaka wake ni jalidi, yaani ule umande ulioganda unaoonekana mweupe juu ya nyasi alfajiri. Katika Minneapolis jalidi ya kwanza kwa kawaida hushuka katika nusu ya kwanza ya Oktoba, na kaskazini mwa jimbo huwahi hata Septemba. Usiku wa hatari ni ule usio na mawingu wala upepo, kwa sababu joto ambalo udongo umelikusanya mchana hupanda moja kwa moja angani bila kitu cha kulizuia, na ndiyo maana shuka kuukuu likitandikwa juu ya nyanya na pilipili jioni, pindo zake zikigusa ardhi, linaweza kuziokoa kwa kulifungia joto hilo, mradi liondolewe asubuhi. Nailoni haifai kazi hii vizuri, kwa kuwa jani linaloigusa huganda pale pale. Hata hivyo shuka hununua siku chache tu, labda wiki mbili, na mtu hana budi kujua mapema ni mimea ipi isiyovumilia jalidi kabisa. Mchicha, ambao Wakongo huuita lengalenga, pamoja na maharage, mabamia, mrehani na maboga, hufa kwa usiku mmoja. Viazi vitamu vinastahili tahadhari zaidi, kwani si majani peke yake yanayoathirika: kiazi chenyewe huharibika ndani ya udongo wenye ubaridi, hivyo huchimbwa kabla ya jalidi, huachwa mahali penye joto la karibu nyuzi 29 na unyevu wa kutosha kwa muda wa wiki moja au siku kumi ili ngozi yake ijifunge na utamu wake uongezeke, kisha huhifadhiwa kwenye nyuzi 13 hadi 16, wala kamwe hakiwekwi kwenye friji. Nyanya mbichi zilizofikia ukubwa wake huchumwa na kuivishwa ndani ya nyumba katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi iliyoiva, ambayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha uivaji.

Sukuma wiki ni habari nyingine, na kwa familia nyingi zilizotoka Kenya ni habari njema. Mboga hii na ndugu zake wa jamii ya kabichi hujibu baridi kwa kugeuza wanga wa majani yake kuwa sukari, kwa kuwa maji yenye sukari huganda kwa shida kuliko maji matupu, na matokeo yake ni kwamba jani lililopitiwa na jalidi mara mbili au tatu huwa tamu kuliko lolote lililochumwa Julai. Shamba dogo la sukuma wiki linaweza kuendelea kuchumwa hadi Novemba, wakati mwingine kwa kupangusa theluji kwanza, na mtu anayeling'oa mwezi Septemba kwa kuogopa baridi anajinyima mavuno bora ya mwaka mzima.

Katika mwezi wa Oktoba, bustani inapofungwa, kuna vitu vinavyopandwa, na hapo ndipo vuli ya Minnesota na vuli ya Machakos zinapokutana. Kitunguu saumu hubanduliwa punje moja moja, kila punje ikazikwa kiasi cha sentimita 5 ndani ya udongo na ncha yake ikielekea juu, kisha tuta lote hufunikwa kwa nyasi kavu. Punje huotesha mizizi kabla ardhi haijaganda, zikalala, na baridi hiyohiyo ndiyo inayoziamuru zijigawe kuwa kichwa chenye punje nyingi ifikapo Julai, kwani kitunguu saumu kisichoonja baridi aghalabu hubaki donge moja la mviringo. Tulipu, ambazo huzikwa sentimita 15 hadi 20, nazo huhitaji takriban wiki 12 hadi 16 za ubaridi ili zichanue. Kinyume chake ni dalia na kana: kana, ambayo Afrika Mashariki humea kando ya mitaro pasipo kumsumbua mtu, hapa lazima matunguu yake yachimbwe baada ya majani kuunguzwa na jalidi, yakaushwe, na yakae katika chumba cha chini ya nyumba kisichoganda mpaka mwezi Mei.

Matandazo yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ni neno ambalo mkulima wa Afrika Mashariki analijua na kwa hiyo anaweza kulitumia vibaya. Kwao matandazo, yaani nyasi kavu, mabua au majani yanayotandazwa juu ya udongo, huzuia maji yasikauke na jua lisichome mizizi. Katika vuli ya kaskazini nyasi ni zilezile na mikono ni ileile, lakini kusudi ni kuuacha udongo uliokwisha kuganda ubaki umeganda. Maji yaliyo ndani ya udongo yanapoganda hujikusanya katika tabaka za barafu ambazo huusukuma udongo juu, na yanapoyeyuka udongo hushuka. Ardhi ikipanda na kushuka hivyo mara kumi au ishirini kati ya Novemba na Aprili, mmea uliopandwa karibuni hung'olewa polepole mpaka mizizi yake ikabaki hewani, ikakauka. Mwenye bustani anayetandaza nyasi nyingi mapema Oktoba, akidhani anaivika mimea blanketi, huuhifadhi udongo katika hali ya joto, huchelewesha usingizi wa mimea na huwakaribisha panya waje kujenga. Wakati ufaao ni pale sentimita chache za juu zinapokuwa ngumu kwa barafu, ambapo kwa kawaida ni mwezi Novemba. Stroberi hufunikwa kwa nyasi kavu za unene wa sentimita 10 hadi 15 baada ya mimea kuonja baridi kadhaa, kabla halijoto haijashuka chini ya takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa kuwa chipukizi la ua la mwaka ujao tayari limo katikati ya mmea na ndilo la kwanza kuumia.

Theluji yenyewe ni matandazo bora kuliko yote, kwani imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, hivyo chini ya theluji nene udongo huweza kukaa karibu na sifuri huku upepo wa juu ukiwa nyuzi 25 chini. Majira ya baridi yasiyo na theluji ndiyo yanayoua mizizi, ambayo siku zote ni dhaifu kuliko matawi, na mimea iliyo katika vyungu ndiyo huathirika kuliko yote kwa kuwa mizizi yake imezungukwa na baridi kila upande. Vyungu hivyo huzikwa ardhini au huingizwa katika gereji isiyo na joto.

Wapenda mawaridi wa jimbo hili wana njia yao ambayo hata hubeba jina la Minnesota, nayo ni ya kuvutia kwa jinsi inavyokiuka desturi za bustani: katikati ya Oktoba hulegeza mizizi ya upande mmoja wa kichaka, huchimba mtaro upande wa pili, hukilaza kichaka kizima ndani ya mtaro na kukifukia kwa udongo, kisha majani makavu juu yake, na mwezi Aprili hukiinua tena. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na ukweli ni kwamba mtu asiye na mapenzi makubwa na mawaridi mororo afadhali apande yale magumu yasiyohitaji kuzikwa.

Kiu ya majira ya baridi ni jambo gumu kuaminika mahali palipojaa theluji, lakini ndiyo inayoikausha misonobari na miti mingine isiyopukutika. Majani yake membamba huendelea kupoteza maji kila jua linapowaka na upepo kuvuma, wakati mizizi imo ndani ya udongo uliogeuka jiwe na haiwezi kuvuta tone, na mwezi Machi upande unaoelekea kusini huonekana umeungua kana kwamba ulipitiwa na moto. Dawa yake hutolewa miezi mitano kabla: miti iliyopandwa katika miaka michache iliyopita, hasa isiyopukutika, humwagiliwa kwa kina katika vuli yote mpaka ardhi igande, hata kama majani ya miti mingine yamekwisha kuanguka na bustani inaonekana haihitaji kitu. Pale penye upepo mwingi kiunzi cha gunia husimamishwa upande wa upepo na wa jua.

Miti michanga yenye gome jembamba, kama vile mitofaa na mepo, hukabiliwa na hatari nyingine kutoka kwa jua. Alasiri ya Februari jua la kusini-magharibi hupasha gome joto hadi seli zake zinaamka, kisha jua linazama, halijoto inaporomoka kwa dakika chache, na seli zilizoamka hufa, zikaacha ufa mrefu unaoonekana miezi kadhaa baadaye. Kinga nyeupe ya plastiki au karatasi inayozungushwa kwenye shina mwezi Novemba hurudisha mwanga huo, nayo huondolewa Aprili ili wadudu wasifanye makao ndani yake. Shina hilohilo huhitaji pia wavu wa waya wenye matundu ya takriban milimita 6, uliozamishwa kidogo ardhini na kuinuka sentimita 45 hadi 60 juu ya kimo kinachotarajiwa cha theluji, kwa sababu sungura husimama juu ya theluji kama mtu anayesimama juu ya kigoda, na panya wadogo hupita chini yake. Gome likiguguniwa pande zote za shina mti hufa, na hakuna dawa.

Thamani ya mtofaa katika jimbo hili inaeleweka vyema kwa kumkumbuka Peter Gideon, aliyehamia ukingoni mwa ziwa Minnetonka katika miaka ya 1850, akaiona miti yake ya matunda ikifa majira baada ya majira, na hatimaye mwaka 1868 akatoa aina aliyoiita Wealthy kwa jina la mkewe, mojawapo ya matofaa ya kwanza mazuri yaliyoweza kustahimili baridi ya huko. Kazi hiyo iliendelezwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho mwaka 1991 kilitoa Honeycrisp, tofaa linalouzwa leo katika nchi nyingi.

Majani yaliyopukutika huchukuliwa na wengi kuwa ndiyo kazi yenyewe ya vuli, na hapa desturi inahitaji kurekebishwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria ya Minnesota imepiga marufuku kutupa taka za bustani pamoja na takataka za kawaida, kwa hiyo majani hufungwa katika mifuko ya kuoza na kupelekwa kwenye vituo vya mboji, yaani mbolea inayotokana na kuoza kwa mimea. Lakini sehemu kubwa ya majani hayo haikuwa na sababu ya kuondoka. Mashine ya kukatia nyasi ikipitishwa juu ya majani makavu mara mbili huyasaga vipande vidogo vinavyoshuka kati ya nyasi na kuoza hapo, vikirudisha udongoni kile ambacho mwenye nyumba atakwenda kukinunua dukani mwezi Mei. Ni pale tu majani yanapokuwa mengi hata nyasi zisionekane ndipo ya ziada hupaswa kukusanywa, kwa kuwa zulia la majani yaliyolowa chini ya theluji huozesha nyasi na kulisha ukungu wa theluji, ugonjwa wa kuvu unaojidhihirisha masika, yaani baridi inapokwisha, kwa madoa ya kijivu au ya waridi. Kwa sababu hiyohiyo nyasi hukatwa mara ya mwisho zikiachwa na kimo cha sentimita 6 hadi 7, zisiwe ndefu kiasi cha kulaliana wala fupi kiasi cha kudhoofika.

Mahali ambapo majani hayapaswi kubaki hata kidogo ni barabarani. Mvua inayopita juu ya majani yaliyorundikana kwenye ukingo wa barabara huondoka na fosforasi yake kama maji ya moto yanavyoondoka na rangi ya chai, na mifereji ya mvua huipeleka moja kwa moja katika maziwa, ambako huotesha mwani wa kijani unaowanyima samaki hewa. Jimbo hilo, ambalo hujivunia maziwa zaidi ya 10,000, lilianza mwaka 2004 kuzuia mbolea ya fosforasi kwenye nyasi za nyumbani katika eneo la Minneapolis, na mwaka uliofuata zuio likaenea jimbo zima. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anayeitii sheria hiyo anaweza kuisukumia barabarani fosforasi ileile kwa reki yake.

Chini ya vichaka na katika vitalu vya maua, kinyume chake, majani yaachwe. Bambi, yaani nyuki mnene mwenye manyoya, hana mzinga unaoishi miaka mingi: kundi lote hufa na jalidi isipokuwa malkia wapya, ambao kila mmoja hujichimbia peke yake sentimita chache ardhini na kulala hapo hadi masika. Mmoja wa bambi hao, mwenye doa la rangi ya kutu mgongoni, aliwekwa katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2017, na mwaka 2019 akatangazwa kuwa nyuki rasmi wa Minnesota. Nondo wengi nao hukaa katika vifukofuko vilivyofungwa ndani ya majani makavu, na nyuki wadogo wasioishi kwa makundi hulala ndani ya mabua yenye uwazi. Usafi wa bustani unaofyeka kila bua na kufagia kila jani mwezi Oktoba huwaua kwa maelfu pasipo mtu kujua, na sura hii inauhesabu kuwa kosa zito kuliko uchafu wowote ambao jirani angeweza kuulalamikia. Mabaki ya nyanya na maboga yaliyokuwa na ugonjwa ndiyo yanayopaswa kuondolewa kabisa, kwa sababu kuvu wake hulala humo wakisubiri.

Upande wa nyumba yenyewe, adui ni maji yaliyofungiwa. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya bomba lililofungwa pande zote shinikizo lake hupasua shaba bila shida, ila mwenye nyumba halijui jambo hilo hadi barafu inapoyeyuka na ukuta kuanza kulia maji. Mpira wa maji unapaswa kufunguliwa kwenye bomba la nje na kumwagwa maji yote, kisha koki ya ndani inayolisha bomba hilo ifungwe na bomba la nje liachwe wazi ili mabaki yatoke. Hata mabomba ya kisasa yaliyoundwa yasigande hupasuka kama mpira umeachwa umeungwa, kwa kuwa maji hukosa pa kutokea. Mifumo ya umwagiliaji iliyozikwa chini ya nyasi iko katika kina kidogo mno, ilhali kanuni za ujenzi za jimbo huhesabu kwamba baridi inaweza kuifikia ardhi kwa sentimita 107 kusini na 152 kaskazini, na kwa hiyo hupulizwa kwa hewa ya kompresa mpaka ikauke, kazi ambayo ni busara kumwachia fundi. Mifereji ya paa nayo husafishwa baada ya majani ya mwisho kuanguka, wala si kabla.

Wenyeji wana kumbukumbu inayowaambia kazi hizi zimalizike lini. Tarehe 31 Oktoba 1991 theluji ilianza kuanguka ikaendelea hadi tarehe 3 Novemba, ikaacha sentimita 72 katika Minneapolis na sentimita 94 katika mji wa Duluth, na kila reki, mpira na chungu kilichokuwa nje kikabaki mahali kilipokutwa.

Mwenye siku moja tu ya kufanya kazi mwishoni mwa Oktoba aanze na maji, afunge koki ya ndani na kuachia ya nje, kisha auzungushie wavu kila mti mchanga na kuumwagilia kwa mara ya mwisho. Nyasi zitamsubiri, na majani yaliyo chini ya vichaka yanaweza kukaa hapo mpaka Mei.